Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: Mgumu, yaani mpagazi wa mlimani, naye awekewe ada ya uokoaji

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima kutoka Moshi. Ninakuandikia hadharani kwa sababu jambo ninaloliomba haliwezi kutimizwa na ofisi yako peke yake. Linamhusu pia Waziri wa Fedha, Waziri mwenye dhamana ya kazi na ajira, uongozi wa Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA), na sisi wenyewe wenye kampuni na nyumba za wageni wa mikoa ya Kilimanjaro na Arusha, ambao tukiachiwa wenyewe tutaendelea kulisahau kila msimu unapokuwa mzuri.

Kila mgeni anayepanda Mlima Kilimanjaro hulipa, pamoja na viingilio na ada za kulala mlimani, ada ya uokoaji ya dola 20 kwa safari. Haitoi kwa sababu ameumia. Huitoa akiwa mzima kabisa, ili akizidiwa na hewa nyembamba ya huko juu wawepo watu na machela ya kumteremsha. Ni utaratibu mzuri, na kwa miaka yote niliyofanya kazi hii sijamsikia mgeni akiulalamikia. Ombi langu ni kwamba akiba ya namna hiyohiyo iwekwe kwa ajili ya watu wanaobeba mizigo ya mgeni huyo, wanaompikia na wanaomfulia shuka, ili siku ambayo ugonjwa utazuia wageni kuja, nao wawe na cha kuwateremsha salama. Iwekwe sasa, wakati wageni wapo, na iwekwe kwa sheria.

Mimi nina nyumba ya wageni yenye vyumba 11 hapa Moshi, na kampuni ndogo ya kupandisha wageni. Tarehe 16 Machi 2020, Wizara ya Afya ilipotangaza kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alikuwa msafiri aliyeingia kupitia uwanja wetu wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) akitokea Ubelgiji, nilikuwa na wageni wanne mlimani kwa njia ya Machame. Waliposhuka lango la Mweka na simu zao kupata mtandao, hawakupiga picha za vyeti kama ilivyo kawaida. Walikaa kwenye nyasi wakitafuta ndege ya kuwarudisha kwao kabla mipaka haijafungwa. Nakumbuka wagumu wetu, yaani wapagazi, wamesimama pembeni wakisubiri kugawiwa tipu, wala hawajui kwamba hiyo ndiyo tipu ya mwisho kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Tarehe 12 Aprili safari za ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa, na tarehe 18 Mei anga ikafunguliwa tena. Wapo wanaosema kwamba kwa kuwa anga ilifungwa kwa wiki tano tu, hasara yetu haikuwa kubwa kama ya nchi nyingine. Anayesema hivyo hajaishi kwa kutegemea wageni. Anga yetu ilipofunguliwa, za kwao zilikuwa zimefungwa, na mpaka wa Namanga, ambao mabasi madogo ya wageni walioshukia Nairobi yalikuwa yakipita kila siku kuja Arusha na Moshi, ulikuwa umefungwa na Kenya kwa kila kitu isipokuwa mizigo. Lango lililofunguliwa upande mmoja halipitishi mtu.

Kuna jambo jingine ambalo takwimu za mwaka mzima hulificha. Tunaambiwa kwamba wageni wa kimataifa walishuka kutoka 1,527,230 mwaka 2019 hadi 620,867 mwaka 2020, na mapato ya utalii yakashuka kutoka dola bilioni 2.6 hadi takriban dola milioni 715. Lakini Januari, Februari na nusu ya Machi ya mwaka huo zilikuwa za kawaida, na sehemu kubwa ya hao laki sita walikuja wakati huo. Kuanzia Aprili, kwa hiyo, anguko lilikuwa kubwa kuliko tarakimu hizo zinavyoonyesha. Na lilitokea mahali pabaya kabisa pa mwaka. Wewe unajua kwamba Aprili na Mei ni masika, mlima unanyesha, wageni ni wachache, na familia za wagumu huvuka miezi hiyo kwa akiba ya Januari na Februari na kwa kukopa dukani wakitarajia Juni. Kila mwaka tunafika mwisho wa Mei mifuko ikiwa mitupu, na kila mwaka Juni hutuokoa. Mwaka 2020 Juni haikuja. Watu hawakuingia kwenye janga wakiwa na nguvu zao zote. Waliingia wakiwa wamekwisha kuishiwa, wakiwa na madeni ya masika mgongoni.

Naomba nieleze yaliyompata mtu mmoja, kwa sababu kwenye majadiliano ya utalii mgumu hutajwa kwa ujumla mno. Mpishi wangu wa mlimani, ambaye kwa heshima yake simtaji jina, alikuwa na buti za kupandia, koti zito la baridi na mfuko mzuri wa kulalia, vitu alivyovinunua kimoja kimoja kwa miaka sita. Julai aliuza buti. Agosti aliuza koti. Aliviuza Memorial, soko lilelile alikovinunulia, na kwa kuwa wagumu wengine walikuwa wamepeleka vyao huko wiki hiyohiyo, bei ilikuwa ya kutupwa. Septemba alikopa kwa wale wanaokopesha kwa riba ya wiki, mikopo ambayo kila mtu anaiita kausha damu, ili mtoto wake wa kidato cha nne asirudishwe nyumbani kabla ya mtihani. Wageni walipoanza kurudi mwaka 2021, hakuweza kupanda nami safari ya kwanza kwa sababu hakuwa na viatu, na nilipompa fedha za kununulia viatu, sehemu yake ilikwenda kwenye marejesho. Mtu mwenye ujuzi wa miaka mingi, anayeweza kupika mkate kwenye jiko la gesi katika kambi ya Barafu upepo ukivuma, alirudi kazini akiwa chini kuliko kijana anayeanza.

Mimi mwenyewe sikuweza kumsaidia. Wakala mmoja wa nje alidai arudishiwe fedha zote za vikundi vilivyokuwa vimeweka nafasi za Juni hadi Septemba, nami nilikuwa nimeshazitumia kukarabati paa na kulipia leseni, kama wenzangu wengi wanavyofanya kila Februari. Niliuza gari. Akina mama watatu wa Kibosho waliokuwa wakiniletea maziwa, mayai na maparachichi walikuja kwa wiki kadhaa, wakaona jikoni kumelala, wakaacha kuja. Dada aliyekuwa akifua shuka alirudi kwao Same. Mwaka 2020 Wizara yako yenyewe ilikadiria kwamba janga likiendelea, ajira za moja kwa moja za utalii zingeweza kupungua kutoka 623,000 hadi 146,000. Wauza mayai hawakuwa ndani ya hesabu hiyo, kwa kuwa ajira zao si za moja kwa moja.

Najua kwamba Serikali haikukaa bure. Mei 2020 Benki Kuu ilipunguza riba yake kwa mabenki kutoka asilimia 7 hadi 5 na kuyataka mabenki yajadiliane na wakopaji walioathirika. Oktoba 2021 Mheshimiwa Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa shilingi trilioni 1.3 wa maendeleo na mapambano dhidi ya UVIKO-19, uliotokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, na utalii ukapata fungu lake. Mitambo ilinunuliwa, barabara za hifadhini zikatengenezwa, na leo nikipeleka wageni Serengeti ninaiona tofauti. Nashukuru kwa dhati. Ila naomba utazame fedha hizo zilipita wapi. Nafuu ya benki ilimfikia mwenye mkopo wa benki. Fedha za barabara zilimfikia mwenye gari. Hapakuwa na njia yoyote ambayo shilingi moja ingeweza kupita ikamfikia mtu ambaye kazi yake ni kubeba kilo 20 kutoka Machame hadi Barafu, kwa sababu kwenye vitabu vya Serikali mtu huyo hakuwa ameajiriwa na yeyote. Mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, una fao la upotevu wa ajira, nalo ni jambo jema: humlipa mwanachama theluthi moja ya mshahara wake kwa miezi sita. Lakini linamtaka awe amechangia kwa miezi 18, na mgumu anayeandikwa kwa safari moja ya siku saba, kisha akakaa wiki tatu akisubiri kampuni nyingine imwite, hafikishi sharti hilo hata akifanya kazi hii mpaka uzeeni.

Mheshimiwa Waziri, wapo watakaokuambia kwamba korona ilikuwa ya mara moja katika karne. Naomba usikubali. Mwaka 2014 Ebola ilikuwa Guinea, Liberia na Sierra Leone, upande wa pili wa bara, mbali nasi kuliko miji mingi ya Ulaya ilivyokuwa mbali na nchi hizo, na bado wageni walifuta safari za Afrika Mashariki kwa sababu kwenye ramani ya kichwani mwao Afrika ni mahali pamoja. Machi 2023 Marburg, homa kali ya virusi inayofanana na Ebola, ilitangazwa Kagera. Wakaugua watu tisa na kufariki sita. Januari 2025 ikatangazwa tena mkoani humo, wilaya ya Biharamulo, na hadi ilipotangazwa kwisha mwezi Machi wote kumi waliohesabiwa kuwa wagonjwa walikuwa wamefariki. Kwangu Moshi, ng'ambo ya Ziwa Victoria na mbali sana na Biharamulo, Januari hiyo nilishinda kwenye kompyuta nikijibu wageni waliouliza kama ni salama kuja. Hatukupoteza msimu, Mungu ameturehemu, na watumishi wa afya wa Kagera walifanya kazi kubwa ambayo sisi watu wa utalii hatujawashukuru ipasavyo. Lakini mara nne katika muda wa miaka 11 si ajali. Ni sehemu ya biashara hii, kama masika.

Sasa nije kwenye ombi lenyewe. Kila mpandaji atozwe kiasi kidogo cha nyongeza, tuseme dola 10, kilipwe pamoja na ada nyingine za Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro (KINAPA), na kiingizwe kwenye mfuko wa dharura wa wafanyakazi wa utalii. Nitatumia hesabu ya mfano ili jambo lionekane. Wapandaji wakiwa 40,000 kwa mwaka, mfuko utapata dola laki nne. Kwa miaka mitano ni dola milioni mbili, ambazo kwa kubadilisha dola moja kwa shilingi 2,500 ni shilingi bilioni 5. Tukisema kila mtu apewe shilingi 100,000 kwa mwezi kwa miezi mitatu, fedha hizo zinatosha watu zaidi ya 16,000. Laki moja si mshahara. Mgumu anayelipwa shilingi 20,000 kwa siku huipata kwa siku tano. Lakini ni unga, ni mafuta, ni kodi ya chumba, na ni buti ambazo hazitapelekwa Memorial. Kwa upande wa safari za mbugani na mahoteli, fungu la tozo ya maendeleo ya utalii, ambayo tayari tunailipa kwa mujibu wa Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, linaweza kufanya kazi hiyohiyo kwa wahudumu, wapishi na madereva wa Arusha na Karatu bila kuongeza tozo mpya hata moja.

Najua pingamizi la kwanza litatoka kwetu wenye kampuni, kwamba mlima tayari ni ghali na dola 10 zitafukuza wageni. Nami ni mwenye kampuni, na nasema si kweli. Mtu aliyepanga kutumia zaidi ya dola 2,000 kufika mita 5,895 hataahirisha kwa sababu ya dola 10, hasa akielezwa kwamba ni kwa ajili ya watu ambao baada ya siku saba atakuwa anawakumbatia na kulia nao. Kinachofukuza wageni ni tozo wasizoelezwa na zinazobadilika katikati ya mwaka tukiwa tumeshauza. Kwa hiyo naomba itangazwe mapema, angalau mwaka mmoja kabla.

Pingamizi la pili ni la usajili: kwamba wagumu hawajulikani ni nani. Wanajulikana. Kila kikundi kinachopanda huacha getini orodha ya majina ya wagumu, wapishi na waongozaji, na mizigo yao hupimwa kwenye mizani mmoja mmoja. Majina yapo, yamelala tu kwenye madaftari ya Machame, Marangu, Londorosi na Rongai. Yakiingizwa kwenye mfumo pamoja na namba ya kitambulisho cha Taifa (NIDA) na ya simu, baada ya misimu miwili utajua bila kumuuliza mtu yeyote nani amepanda mara ngapi, na siku ya janga fedha zitakwenda kwenye simu yake moja kwa moja, si kwa mkono wa kampuni, wala wa chama, wala wangu. Nalisema hili kwa kuwa nimeona tipu za wagumu zikipungua njiani kati ya mkono wa mgeni na mkono wa mgumu, na sitaki mfuko huu upite njia hiyo.

Pingamizi la tatu ndilo linalonipa hofu zaidi, na halitoki kwa mtu yeyote. Liko kwenye sheria. Kuanzia Julai 2020, katikati ya mwaka uleule wa njaa, makusanyo ya TANAPA na Ngorongoro yalihamishiwa Mamlaka ya Mapato (TRA) na kuingia kwenye Mfuko Mkuu wa Serikali. Sibishani na sababu zake. Taifa lina mahitaji mengi na hospitali ni muhimu kama hifadhi. Lakini akiba ya wanyonge ikiingia kwenye kapu moja na mahitaji yote ya Taifa, siku ya kuihitaji haitaonekana, kwa kuwa janga linalozuia wageni ndilo pia linalokausha kapu hilo. Ndiyo maana naomba sheria iseme wazi kwamba fedha hizi haziguswi kwa jambo lingine lolote, itaje kiashiria cha kuufungua mfuko, kwa mfano idadi ya wapandaji ikishuka chini ya nusu ya mwezi kama huo mwaka uliotangulia kwa miezi miwili mfululizo, na iagize hesabu zake zibandikwe kila mwaka kwenye malango yote ya mlima, kwa Kiswahili, mahali ambapo mgumu anasubiri zamu yake.

Lipo jambo moja ambalo halihitaji fedha. Mwaka 2020 nchi yetu ilitoa takwimu za wagonjwa hadi mwanzoni mwa Mei, zilipokuwa 509, kisha ikanyamaza kwa zaidi ya mwaka. Washirika wetu wa nje walikuwa wakituuliza hali ikoje, nasi hatukuwa na jibu ila kusema tuko salama, na neno la mfanyabiashara anayetaka kuuza haliaminiki. Januari 2021 Uingereza ikatupiga marufuku. Linganisha na Januari 2025, ambapo Mheshimiwa Rais alitoka mwenyewe Dodoma akiwa na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, akasema mgonjwa yupo, yuko wilaya gani, na nini kinafanyika. Siku ile nilituma tamko hilo kwa wageni waliokuwa wakisitasita, na sikupoteza hata kikundi kimoja. Naomba huo uwe utaratibu wa kudumu, na usitegemee hekima ya aliyepo madarakani.

Ninaandika haya wakati ambapo kila upande wa Arusha na Moshi unajengwa. Mwaka 2024 wageni wa kimataifa walivuka milioni mbili, uwanja wa mpira unajengwa Arusha kwa ajili ya AFCON ya 2027 tuliyopewa kuandaa pamoja na Kenya na Uganda, na majirani zangu wanachukua mikopo ya benki kuongeza vyumba. Nami nimeombwa nijenge ghorofa ya pili. Wenye dhamana za hati za nyumba watakuwa na mahali pa kuanzia mazungumzo na benki zao likitokea la kutokea. Mpishi wangu, ambaye ameshanunua buti nyingine, hana pa kuanzia.

Naomba kujibiwa, Mheshimiwa, hata kama jibu ni kwamba jambo hili haliwezekani na kwa nini. Iwapo ratiba yako itakuleta Kilimanjaro, naomba usiishie ukumbini. Njoo lango la Machame saa mbili asubuhi siku yoyote ya Juni hadi Septemba, mizigo inapopimwa, uwaulize wagumu waliopo pale ni wangapi waliwahi kulipwa chochote na mtu yeyote kati ya Aprili 2020 na wageni waliporudi. Nitakuwapo, na mpishi wangu atakuwapo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwenye nyumba ya wageni na kampuni ya kupandisha wageni, Moshi

Nakala kwa: Waziri wa Fedha, Waziri mwenye dhamana ya kazi na ajira, Wakuu wa Mikoa ya Kilimanjaro na Arusha, uongozi wa TANAPA.